Joginder Singh: fundi makanika aliyeshinda Safari kwa gari kuukuu

Ukiingia mitaa ya Tandika na Mbagala wilayani Temeke, au Tandale na Tegeta wilayani Kinondoni, mbali kidogo na maghorofa ya katikati ya Dar es Salaam, hukosi kukuta ua wenye gari la zamani lililofunikwa turubai chini ya mwembe. Huenda ni Peugeot 404, huenda ni Datsun, huenda ni Volkswagen ya mgongo wa kobe. Boneti iko wazi, magurudumu mawili yametolewa, na siku ya Jumapili mwenye gari amelala chini yake, spana mkononi. Majirani wanapita wakiuliza kwa nini asiwauzie watu wa vyuma chakavu, akapumzika.

Gari la namna hiyo wengi huliita mkweche. Leo tunakusimulia maisha ya mtu aliyejulikana duniani kote kwa sababu hakudharau gari kuukuu. Alilinunua, akalifungua, akalijua mpaka nati ya mwisho, kisha akalitumia kuwashinda watu waliokuja na magari mapya kutoka viwandani. Jina lake ni Joginder Singh. Wazee wetu waliosimama kando ya barabara miaka ya 1960 na 1970 wakisubiri magari ya Safari yapite bado wanalikumbuka. Vijana wengi hawalijui, na ndiyo sababu tumeona tulieleze.

Mtoto wa gereji

Joginder Singh alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, nchini Kenya, eneo la mashamba ya chai. Wazazi wake walikuwa Masingasinga, watu wa asili ya Punjab nchini India. Masingasinga wengi walifika Afrika Mashariki wakati wa ujenzi wa reli na miaka iliyofuata, wakiwa maseremala, waashi, wahunzi na mafundi wa mitambo. Ndiyo maana hata leo, katika miji mingi ya Kenya, Uganda na Tanzania, mzee akikuonyesha gereji au karakana ya zamani, mara nyingi atakuambia kuwa ilikuwa ya Kalasinga fulani.

Baba yake Joginder alikuwa na gereji. Kijana alikulia kati ya harufu ya grisi na mlio wa nyundo, akawa anashika spana kabla ya kushika usukani wa mashindano. Mpangilio huo tunaomba uukumbuke, kwa sababu maisha yake yote yaliufuata: ufundi ulitangulia, udereva ukaja baadaye.

Kenya ya wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Watu waligawanywa kwa rangi: shule za Wazungu peke yake, za Waasia peke yake, za Waafrika peke yake, na kazi na mishahara vilevile. Mashindano ya magari yalikuwa mchezo wa wenye nacho, na wengi wao walikuwa Wazungu. Mtoto wa fundi makanika hakutegemewa kuonekana kwenye jukwaa la washindi. Alitegemewa kuwa nyuma, akitengeneza gari la mwingine.

Fundi wa barabarani

Mwaka 1958 Joginder aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, akawa fundi wake wa kwanza wa doria. Kazi ya fundi wa doria ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia wanachama waliokwama. Huyu pampu ya petroli imekufa, yule feni imekata mkanda, mwingine maji ya rejeta yameisha katikati ya pori.

Gereji ni shule nzuri, lakini barabara ni shule kali zaidi. Ndani ya gereji una vifaa vyote, una kivuli, una mwenzako wa kukushikia taa. Barabarani una kisanduku kimoja cha spana, jua kali, na mwenye gari aliyekasirika. Fundi wa doria hujifunza kusikiliza injini kabla ya kuifungua, na hujua ni kitu gani huharibika kwanza kwenye gari la aina gani. Wewe unayeendesha bodaboda au unayesimamia mashine ya kusaga kijijini unalielewa jambo hili vizuri kuliko mtu wa ofisini.

Mwaka uliofuata, 1959, akiwa na umri wa miaka 27, Joginder aliingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya Safari.

Safari yalikuwa mashindano gani?

Kwa msikilizaji ambaye hakuyaona, tueleze kidogo. Mashindano haya yalianza mwaka 1953, yakiwa sehemu ya sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia mwaka 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki, na Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji iliyofikiwa na njia yake.

Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanja. Yalikuwa mwendo wa kilomita elfu kadhaa, mchana na usiku, juu ya barabara zilezile zinazotumiwa na mabasi, ng'ombe na watoto wa shule. Kwa kawaida gari lilikuwa na watu wawili, mmoja akiendesha na mwenzake akisoma njia. Njiani kulikuwa na vituo vya ukaguzi, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu ndogo kuliko wote ndiye mshindi.

Tena yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto. Tope la Pasaka halina haja ya kuelezwa kwa mkulima. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 hali ikawa hiyohiyo, yakamaliza tena saba. Joginder Singh alikuwa miongoni mwa waliofika mwisho mara zote mbili. Mtu akifika mara moja katika hali hiyo utasema ni bahati. Akifika mara mbili, inabidi uulize anafanya nini na gari lake kabla ya kuondoka nyumbani.

Volvo ya mkono wa pili

Sasa tufike kwenye gari lenyewe. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ya Sweden ilileta Afrika Mashariki magari yake aina ya PV544 kushindana katika Safari. Kwa macho ya leo gari hilo ni la ajabu kidogo: mgongo wa mviringo, milango miwili, boneti ndefu iliyovimba. Lakini chini ya boneti lilikuwa na injini ya silinda nne yenye ujazo wa lita 1.8, na magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma. Bodi yake ilikuwa ngumu. Hata hivyo, mwaka huo Volvo hawakufanikiwa.

Joginder alinunua moja kati ya magari hayo. Lilikuwa limeshatumika na limeshachakazwa na mashindano. Kwa wenye fedha, gari lililokwisha kushindwa halina thamani tena. Kwa fundi, gari lililokwisha kushindwa ni gari lililokwisha kukuonyesha udhaifu wake. Unajua ni wapi panapovunjika, kwa hiyo unajua ni wapi pa kuimarisha.

Yeye na nduguye Jaswant walilifanyia kazi wenyewe, na Jaswant huyohuyo ndiye aliyekaa kando yake siku ya mashindano. Katika Safari ya mwaka 1965 gari lao lilibeba namba moja, likatangulia barabarani. Kutangulia kuna faida, kwa sababu hakuna vumbi la mwenzako mbele. Lakini kuna hasara pia: wewe ndiye wa kwanza kugundua kwamba daraja limeondoka na maji.

Ndugu hao wawili walishinda, na hawakushinda kwa sekunde. Walimwacha aliyewafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu. Joginder akawa dereva wa kwanza wa asili ya Asia kushinda Safari, mwaka mmoja na ushee tu baada ya Kenya kupata uhuru wake Desemba 1963. Watu wakampa jina la Singasinga Arukaye. Na gari lililomrusha lilikuwa la mkono wa pili, la muundo uliokuwa unaelekea kustaafu. Kiwanda kiliacha kabisa kulitengeneza PV544 mwaka huohuo wa 1965.

Dar es Salaam nayo yapata bingwa

Msikilizaji wa Tanzania asidhani kwamba habari hii ni ya Kenya peke yake. Miaka miwili iliyofuata, 1966 na 1967, Safari ilishindwa na Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell katika gari aina ya Peugeot 404. Ndiyo maana ukimkuta mzee wa Temeke anaipangusa 404 yake kwa upole kama anamwogesha mtoto, usimcheke. Kwake hiyo si teksi ya zamani, ni jamaa wa karibu wa gari la bingwa.

Joginder naye hakukoma. Mwaka baada ya mwaka alirudi, akibadili magari lakini habadili tabia. Kati ya mwaka 1959 na 1980 alianza Safari mara 22, na akamaliza mara 19. Tunaomba uisome tena hesabu hiyo. Katika mashindano ambayo kuna mwaka kati ya magari zaidi ya 80 yalifika saba, yeye alishindwa kumaliza mara tatu tu katika miaka 22.

Injini ndogo katika mvua ya 1974

Mwaka 1974 mvua ilinyesha sana. Joginder, akiwa na David Doig, aliendesha Mitsubishi Colt Lancer, gari dogo lenye injini ya lita 1.6. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo Björn Waldegård wa Sweden, dereva hodari sana, akiwa na Porsche 911, gari la michezo ambalo kila kijana aliota kulimiliki. Kwa nguvu za injini, hapakuwa na ulinganisho. Lakini tope halishindwi kwa nguvu peke yake. Joginder alimaliza wa kwanza, Waldegård wa pili. Kwa Mitsubishi huo ulikuwa ushindi wa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia.

Mwaka 1976 alishinda tena, na Doig huyohuyo na Lancer, na magari ya Mitsubishi yakachukua nafasi zote tatu za juu. Hapo Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Baadaye aliacha mashindano, akahamia Uingereza. Alifariki dunia London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.

Uani kwako, kuna nini cha kujifunza?

Sasa turudi chini ya mwembe, Tandika au Tandale. Mwenye gari la zamani hashindani na mtu. Anashindana na adui wengine: chumvi ya bahari, unyevu, mafuriko ya masika, na spea zisizopatikana. Lakini njia ya Joginder ni ileile, na inafaa pia kwa mwenye trekta, pikipiki au pampu ya maji kijijini.

La kwanza ni kulijua gari kabla ya kulifungua. Mwenye haraka hufungua injini nzima leo, na kesho nati zote ziko kwenye beseni moja, hajui ipi ni ya wapi. Fundi mzuri huweka nati za kila sehemu katika kopo lake, huandika, na siku hizi hupiga picha kwa simu kila hatua. Simu yako unayosomea makala hii ni kifaa cha gereji ambacho Joginder hakuwa nacho.

La pili ni kutu. Jiji la Dar es Salaam liko baharini, na hewa yake ina chumvi. Kutu haianzii mnapoonana nayo. Huanzia chini ya zulia la sakafuni, ndani ya milango, na kwenye matao ya magurudumu ambako tope hukaa. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikiziba, mlango unageuka ndoo. Kuvizibua kwa waya hakugharimu shilingi, na kunaokoa bodi ambayo fundi wa kuchomelea angekutoza fedha nyingi kuiunga. Gari likipita kwenye maji ya mafuriko, lioshwe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha likaushwe.

La tatu ni petroli na moto. Magari ya zamani yana kabureta na pointi za kugawa moto, hayana kompyuta. Ndiyo uzuri wake, kwa kuwa unaweza kuyarekebisha kwa mkono. Petroli ikilala miezi ndani ya kabureta huacha utando unaoziba vitundu vyake vidogo. Ni bora kuliwasha gari kila wiki na kulitembeza mpaka lipate moto kamili kuliko kuliacha likilala mwaka mzima. Pointi nazo huungua taratibu. Husafishwa kwa msasa laini, na uwazi wake hupimwa kwa kipande chembamba cha chuma cha kupimia, si kwa macho.

La nne ni breki, na hapa hatutanii. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani hata kama gari halitembei, na unyevu huo hula silinda na kuharibu mipira yake. Kila baada ya miaka miwili hivi yabadilishwe yote. Gari linaloshindwa kuwaka linakutia aibu. Gari linaloshindwa kusimama linaua, na mara nyingi linamuua mtoto wa jirani. Kama hujui kazi ya breki, muite anayeijua, ukae pembeni ujifunze.

La tano ni usalama wako mwenyewe. Usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo mazito yaliyokaa sawasawa. Tofali la saruji lisitumike, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kukuonya. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, maana moshi wake una sumu isiyo na harufu. Na oili chafu usiimwage mferejini wala karibu na kisima. Iweke kwenye dumu, uipeleke kwa mafundi wanaokusanya.

Kuhusu spea, Dar es Salaam ina bahati ambayo miji mingi haina. Kariakoo na Gerezani kuna wauza vipuri, na kuna mafundi wakereza vyuma wanaoweza kukutengenezea kipande ambacho kiwanda kiliacha kukitoa miaka 50 iliyopita. Kuna pia gereji bubu kila mtaa, chini ya miti, bila kibao wala leseni ukutani, ambamo baadhi ya wazee wanajua injini za zamani kama wanavyojua majina ya wajukuu wao. Wazee hao wanaondoka mmoja mmoja. Kijana anayekaa na mzee kama huyo Jumapili mbili kwa mwezi, akishika taa na kuuliza maswali, anapata elimu ambayo kesho haitakuwepo pa kuinunua.

Kilichobaki

Tukiyatazama maisha ya Joginder Singh kwa jumla, tunaona mtu ambaye hakuwa na gari lenye nguvu kuliko ya wote, wala fedha kuliko wote, na alizaliwa katika nchi iliyomwekea mpaka kwa sababu ya rangi yake. Alichokuwa nacho ni mikono iliyozoea spana na subira ya kukagua kila kitu kabla ya kuondoka. Mashindano yake yalionekana barabarani, lakini sehemu kubwa ya ushindi ilikuwa imeshafanyika kabla, boneti ikiwa wazi na hakuna anayepiga makofi.

Basi ukimuona jirani yako wa Mbagala au Tegeta amelala chini ya gari lake la zamani Jumapili hii, usimuulize tena kwa nini haliuzi. Muulize kama anahitaji mtu wa kumshikia taa.